Leza iliyotumwa kuupima upepo

Setilaiti inauonaje upepo? Wingu lina umbo, bahari ina joto lake, mvua ina matone yanayorudisha mawimbi ya rada. Upepo hauna rangi wala umbo. Tunachokiona siku zote ni kile unachokisukuma: mnazi unaoinama, vumbi linaloruka, tanga lililojaa. Sasa chombo kilichoko juu kilomita mia tatu, au elfu thelathini na sita, kinaupimaje?

Swali hili nililirushiwa wiki ya kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imeshatoa tahadhari, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na hapa Tanga kila mwenye simu akageuka mtabiri. Makundi ya WhatsApp yalijaa ramani za mishale inayozunguka kwenye rangi ya zambarau. Mjomba wangu, nahodha aliyekwisha kustaafu, akanipigia: "Wewe si ndiye unayesomesha fizikia? Hebu niambie, hii mishale huko katikati ya bahari kaihesabu nani? Huko mimi nakujua, hakuna mtu."

Nikamwambia ni setilaiti na kompyuta.

"Hilo si jibu, mjomba," akanirudishia, nasi huitana hivyohivyo, yeye kwangu na mimi kwake. Kweli halikuwa jibu. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyakusanya tangu siku ile, na nimeyaandika nikimfikiria yeye, mtu asiyekubali neno "teknolojia" litumike kufunga mjadala.

Kwanza nieleze kwa nini swali lake ni zito zaidi kwetu kuliko kwa watu wa Ulaya. Kule London au Berlin, upepo na mkandamizo wa hewa vimefungamana. Dunia inapozunguka huupinda mwendo wa hewa, na nguvu hiyo ya kupinda ikilingana na msukumo wa hewa kutoka penye mkandamizo mkubwa kwenda penye mdogo, upepo unakuwa kitu cha kukokotoa. Ukiwa na vipimo vya joto la anga kuanzia chini hadi juu, na setilaiti zimekuwa zikivitoa kwa wingi kwa miongo kadhaa, unapata mkandamizo, na kutoka kwenye mkandamizo unapata upepo. Hujaupima, lakini unaujua kwa kiasi cha kuridhisha.

Ukisogea kuelekea ikweta, ile nguvu ya kupinda hupungua mpaka ikatoweka. Inategemea sine (ile ya trigonometria) ya latitudo. Reading, mji wa Uingereza wenye makao ya kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, uko kwenye latitudo ya nyuzi 51 na nusu. Tanga iko kwenye nyuzi 5. Piga hesabu: nguvu hiyo hapa ni karibu sehemu moja ya tisa ya ile ya kule. Tofauti za mkandamizo nazo ni ndogo mno, zinafichwa na makosa ya kawaida ya vipimo. Kwa hiyo joto la anga letu halikuambii sana juu ya upepo wake. Huku upepo usipoupima, huujui.

Na ni upepo huohuo unaoamua mvua. Mwezi Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilipita upande wa mashariki wa Madagaska. Wakati kama huo hewa yenye unyevu huvutwa kutoka Bonde la Kongo kuja huku, kwa upepo wa magharibi unaovuma kilomita tatu hivi juu ya usawa wa bahari, na masika ya mwaka ule yalikuwa mazito hadi Kenya ikazama kwenye mafuriko. Mwaka uliofuata kimbunga Idai kikakaa upande wa pili, kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji, kikaipiga Beira katikati ya Machi, na huku kwetu masika yakachelewa, wakulima wakitazama juu. Wanasayansi walioupitia uhusiano huu wameonyesha kwamba siku za upepo wa magharibi Afrika Mashariki ni siku zenye mvua zaidi ya kawaida. Mtabiri asiyejua hewa ya kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria inaelekea wapi anabahatisha, hata akiwa na kompyuta kubwa kuliko zote.

Watu wa pwani tuna historia ndefu na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na biashara nzima ikapangwa juu ya ratiba hiyo. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba kusi ina kiini chake juu, pasipofikiwa na tanga lolote. Miaka ya 1960, mtaalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, jina lake Findlater, alikusanya kumbukumbu za maputo madogo yaliyokuwa yakirushwa vituoni na kufuatiliwa kwa darubini ya kupimia pembe. Puto likipanda linachukuliwa na upepo, na ukijua linapanda kwa kasi gani, pembe zinakupa upepo wa kila tabaka. Kwenye makaratasi hayo akauona mto mwembamba wa hewa, kiasi cha kilomita moja hadi moja na nusu juu, unaovuka ikweta mashariki ya milima ya Kenya katika miezi ya Juni hadi Agosti, unapita Somalia, unakata Bahari ya Arabia, na kwenda kuinyeshea India. Siku nyingine kiini chake hupita mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Alichapisha mwaka 1969, na wataalamu wa India hadi leo huuita mkondo huo kwa jina lake.

Mimi hili hunifurahisha kupita kiasi. Mvua inayolisha mamia ya mamilioni ya watu kule Asia, mshipa wake mkuu ulichorwa kwa maputo yaliyorushwa Afrika Mashariki na watu waliokaa juani wakisoma pembe. (Kuna ndugu yake mdogo kaskazini, mkondo wa Turkana, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, Kinuthia, mtaalamu wa Kenya, aliueleza pamoja na Asnani mwaka 1982, na leo unazungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani.)

Turudi juu. Njia ya zamani zaidi ya kupata upepo kwa setilaiti ni kufuata mawingu. Mwaka 1966 Wamarekani walirusha ATS-1, ikiwa na kamera iliyobuniwa na Verner Suomi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Ilikaa mahali pamoja juu ya ikweta ikizunguka sambamba na dunia, kwa hiyo iliweza kupiga picha ya eneo lilelile tena na tena. Ukiwa na picha mbili na saa zake, wingu lililohama linakupa kasi na mwelekeo. Leo anga letu linatazamwa na Meteosat-9 ya Ulaya, iliyowekwa nyuzi 45.5 mashariki tangu 2022. Yaani imening'inia juu ya bahari, mashariki kidogo ya Kismayu, kilomita 36,000 juu, ikipiga picha kila baada ya dakika 15. Kompyuta inachagua baka la wingu, au hata baka la mvuke usioonekana kwa macho, na kulitafuta kwenye picha inayofuata.

Njia nzuri, ila ina mitego. Unajua wingu limekwenda wapi, lakini liko juu kiasi gani? Urefu unakisiwa kutokana na ubaridi wa kilele chake, na ukikosea kilomita moja umeupeleka upepo wa tabaka moja kwenye tabaka jingine, na modeli, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, itaumeza hivyohivyo. Pia mawingu si waaminifu. Aliyewahi kukaa Moshi amewaona mawingu wanaoganda juu ya Kilimanjaro mchana kutwa huku upepo ukipita katikati yao. Na pasipo na wingu, chini karibu na bahari, mara nyingi huambulii kitu.

Njia ya pili ni kuusoma uso wa bahari. Setilaiti inapeleka mapigo ya rada, na viwimbi vidogo vya sentimita chache vinavyoamshwa na upepo vinarudisha mapigo hayo. Viwimbi vikiwa vingi na vikali, mwangwi unaongezeka, na ukivitazama kutoka pembe tofauti unapata na mwelekeo. Seasat ya Marekani ilijaribu hivyo mwaka 1978, ikafa baada ya miezi mitatu na ushee kwa hitilafu ya umeme, lakini wazo likabaki. Sasa kazi hiyo inafanywa na ASCAT kwenye setilaiti za Metop za Ulaya, na India nayo ina vyombo vyake vya aina hiyo. Nilipomweleza mjomba sehemu hii alicheka. Manahodha siku zote wamekuwa wakiyaangalia mabaka meusi yanayotambaa juu ya maji ili kujua dhoruba itafika lini na kutoka upande gani, wapunguze tanga mapema. "Kumbe wamekuja kusoma shule yetu," alisema.

Shule hiyo nayo ina mipaka. ASCAT inaona kanda mbili, kila moja yenye upana wa zaidi kidogo ya kilomita 500, na katikati yake kuna pengo la kilomita 700 hivi isilolipima. Kimbunga kinaweza kupita kwenye pengo hilo chote kizima. Karibu na ufuko nchi kavu inaharibu mwangwi. Na kubwa zaidi, unapata upepo wa mita kumi tu juu ya maji. Ule mto wa Findlater, na ule upepo wa Kongo, haugusi viwimbi.

Ndipo inapoingia Aeolus, setilaiti ya Ulaya yenye leza, chombo ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii, na nadhani mtanisamehe nikikaa nacho kidogo.

Wazo lake ni la kidato cha tatu. Bodaboda ikija huku inapiga honi, mlio unakuwa mwembamba. Ikikupita, mlio unashuka. Mwanga nao hufanya hivyo. Rusha mwanga wa leza angani, uguse molekuli za hewa na chembe za vumbi, kiasi kidogo kitakurudia. Kama hewa ile ilikuwa inakuja kwako, mawimbi yatarudi yamebanana kidogo. Kama ilikuwa inakwenda, yatarudi yametanuka. Pima tofauti, umepata upepo wenyewe, pasipo wingu wala wimbi. Na kwa kuwa unajua mwanga umechukua muda gani kwenda na kurudi, unajua pia urefu: tabaka kwa tabaka, kuanzia karibu na ardhi hadi kilomita 30 juu.

Ugumu uko kwenye neno "tofauti". Nilishawapa wanafunzi hesabu hii ubaoni. Kwa upepo wa mita moja kwa sekunde, mabadiliko ya masafa ya mwanga (idadi ya mitetemo yake kwa sekunde) ni mara mbili ya kasi hiyo, gawanya kwa kasi ya mwanga. Jibu ni karibu sehemu saba katika bilioni moja. Na anayepima yuko kilomita 320 juu, akikimbia zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Ndiyo maana darubini ya Aeolus, yenye kioo cha mita moja na nusu, ililazwa kutazama ubavuni, pembe ya mraba na njia yake, ili mwendo wake mwenyewe usichanganyike na wa hewa. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba ilipima sehemu moja tu ya upepo, takriban ule wa mashariki na magharibi, na si wote. Karibu na ikweta, hiyo ndiyo sehemu tunayoihitaji zaidi.

Shirika la Anga la Ulaya liliukubali mradi mwaka 1999 likitaraji kurusha 2007. Ikarushwa tarehe 22 Agosti 2018. Katikati hapo kuna miaka ya watu kupambana na uchafu usioonekana. Leza yake ilikuwa ya urujuanimno, kwa sababu molekuli za hewa hurudisha vizuri mwanga wa mawimbi mafupi. Lakini katika ombwe la angani, gundi na plastiki za chombo hutoa mvuke kidogo sana, mvuke huo unatua kwenye lenzi, na leza inaupiga mpaka unaungua na kuwa doa jeusi. Doa linanyonya nishati zaidi, lenzi inakufa. Hapa duniani leza hiyohiyo ilifanya kazi vizuri. Dawa iliyopatikana ni rahisi kuisema: kuvuja oksijeni kidogo mbele ya lenzi, ili uchafu uungue na kuondoka kabla haujaganda. Chombo cha angani kikabebeshwa hewa yake ya kupumua.

Ilipofika juu, shida hazikuisha. Leza ya kwanza ikaanza kudhoofika, na katikati ya 2019 wakahamia ile ya akiba. Halafu likaja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Vipimo vilikuwa na kosa la mita kadhaa kwa sekunde, kosa linalopanda na kushuka setilaiti ilivyokuwa ikiizunguka dunia. Mita kadhaa kwa sekunde ni kubwa kuliko upepo wenyewe siku nyingi za maleleji. Wataalamu wa Reading waliweka vipimo vya Aeolus kando ya upepo wa modeli yao, wakatafuta kosa linafuatana na nini. Likaonekana linafuatana na joto la kioo kikuu. Joto linalopanda kutoka duniani, kali juu ya jangwa na hafifu juu ya mawingu marefu, lilikuwa likikipasha kioo bila usawa, kiasi kidogo mno lakini cha kutosha kuupotosha mwanga. Kuanzia Aprili 2020 vipimo vikawa vinasahihishwa kwa kutumia vipimajoto vilivyokuwa vimebandikwa kwenye kioo hicho.

Angalia mzunguko huo. Setilaiti ilitumwa kurekebisha modeli, na modeli ndiyo iliyogundua ugonjwa wa setilaiti. Mtu anayedhani kwamba kuna mahali penye "ukweli mtupu" wa upepo, kisha kompyuta zinaunakili, atashangaa hapa. ECMWF wanaanza na utabiri mfupi wa saa chache uliokwisha kufanywa, wanaulinganisha na mamilioni ya vipimo vya setilaiti, ndege, meli, maputo na vituo vya ardhini, kila kipimo kikipewa uzito kulingana na kinavyoaminika, halafu wanautafuta mwenendo wa anga unaokubaliana na vyote kwa pamoja ndani ya dirisha la saa kumi na mbili. Mishale ile ya zambarau aliyoiuliza mjomba ni zao la mapatano hayo. Mingine ina kipimo halisi karibu yake. Mingine ina fizikia tu na matumaini.

Tarehe 9 Januari 2020 ECMWF wakaanza kuutumia upepo wa Aeolus katika utabiri wa kila siku. Wajerumani, Wafaransa na Waingereza wakafuata mwaka huohuo. Miezi miwili baadaye korona ikazishusha ndege chini, na vipimo vya upepo vinavyotumwa na ndege za abiria vikapungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini kile chombo kilichochelewa miaka kumi na moja kilifika wakati kilipohitajika.

Faida yake? Makosa ya utabiri yalipungua kwa kati ya nusu asilimia na asilimia mbili, hasa kwenye tropiki na karibu na ncha za dunia. Najua inasikika kama pesa ya kurudishiwa dukani. Ila utabiri wa hali ya hewa umekua kwa vipande vya namna hiyo, kiasi cha kuongeza siku moja ya uhakika kila miaka kumi, na chombo kimoja kinachotoa sehemu ndogo sana ya data zote kuleta mchango huo peke yake ni jambo kubwa. Halafu tropiki ni sisi. Chombo hicho hakikulipiwa na hata nchi moja ya Afrika, na huku ndiko kilikosaidia zaidi, kwa sababu ile niliyoeleza ya latitudo.

Aeolus ilitakiwa kuishi miaka mitatu, ikakaribia mitano. Kazi yake ilikoma tarehe 30 Aprili 2023, na Julai 28 mwaka huo ikaongozwa kuangukia upande wa Antaktika, ingawa haikuwa imeundwa kwa maangusho ya kuelekezwa. Mrithi wake anaandaliwa na Shirika la Anga la Ulaya pamoja na EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, kwa ajili ya miaka ya 2030. Maana yake Hidaya ilipokuja, leza ya upepo haikuwapo tena juu. Watabiri walikuwa na mawingu ya Meteosat, kanda za ASCAT, na modeli, na kwa kweli walifanya vizuri.

Nimemweleza mjomba yote haya kwa vipande, jioni tofauti, yeye akiwa na kahawa yake. Swali lake la mwisho lilikuwa la mtu aliyezoea kutegemea chombo chake mwenyewe: na sisi tunapeleka nini kwenye hayo mapatano?

Tunaweza kupeleka maputo. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana juu ya kiwango cha chini: kituo cha ardhini kila kilomita 200, na kituo cha kurushia maputo yenye vipima-upepo kila kilomita 500, mara mbili kwa siku. Kuna na mfuko wa kimataifa ulioundwa kuzisaidia nchi maskini kufikia hapo, kwa sababu tatizo la maputo halijawahi kuwa kununua la kwanza, ni kununua la mwezi ujao. Kipimo kimoja cha puto kinachovuka mita elfu tatu juu ya Tabora au Mwanza kina uzito mkubwa katika hesabu ya Reading, maana hakina jirani wengi wa kushindana nao, na ndicho setilaiti inachopimiwa ili ijulikane inasema kweli.

Tanzania ina eneo la kilomita za mraba 945,000 hivi. Ukigawanya kwa mraba wa kilomita 500 kwa 500, unapata vituo vinne. Maputo manane kwa siku.